Joto Chini ya Kitambaa



Twaanza kwa kuwataka radhi akina mama waliokuwa wakiingojea sehemu ya pili ya mazungumzo yetu juu ya eda. Sehemu hiyo imekwisha kuandikwa na itawafikia wiki ijayo in shaa Allah. Tumeiweka kando kidogo kwa ajili ya jambo lililotujia mlangoni siku ya Jumanne baada ya Laasiri, jambo ambalo hatukudhani hata siku moja kwamba tutaliandika katika safu hii. Lakini kaskazi imeshika, nyumba zimekuwa tanuri, na mashine tutakayoitaja imo katika nyumba nyingi za mji wetu. Tungengoja, huenda wengine wangekuwa wamekwisha kuuza walichonacho au kuwaadhibu watoto wao bure.

Mama mmoja, ambaye mwanawe alihitimu Juzuu Amma hapa chuoni kwetu miaka kadhaa iliyopita, alikuja pamoja na binti yake mdogo. Tukaamkuana, tukaulizana hali za nyumbani, kisha akatoa haja yake. Alitaka twende kwake tukaisomee kompyuta.

"Kuisomea vipi, mama?"

"Ruqya, Maalim. Ina jambo. Wiki nzima yafanya kazi, haina neno. Ukiingia usiku wa Ijumaa, baada ya Isha, yazimika. Nimehesabu Ijumaa sita."

Tukamwomba atueleze tangu mwanzo. Mumewe yuko Doha kwa kazi, na alipokuja likizo mwaka jana alimnunulia kijana wao kompyuta ya michezo, ya mkono wa pili, kutoka kwa mtu aliyekuwa akihama. Mama hakuipenda. Akaweka sharti kwamba siku zote itumike kwa masomo, na mchezo uwe usiku wa Ijumaa peke yake, kwa muda wa saa moja na nusu. Usiku huo ndio baba huko aliko huwa amepumzika, na saa za Doha na zetu ni moja. Basi baba na mwana hukutana katika mchezo wa mpira, huyu Mombasa na yule Ghuba, wakicheza na kuzungumza. Ndiyo barza yao.

Sasa kwa Ijumaa sita barza hiyo ilikuwa ikivunjika katikati. Na usiku huo huo ndio mama hufukiza udi nyumba nzima. Majirani wakamwambia kuna kisichopenda udi. Yeye mwenyewe alikuwa na dhana nyingine, nayo ndiyo aliyompelekea mumewe kwa simu: kwamba kijana huamka usiku wa manane kucheza kwa siri, hata ameiunguza mashine. Baba akaghadhibika, akaamrisha iuzwe. Mnunuzi wa Kisauni amekwisha kupatikana kwa shilingi 40,000 na angekuja Jumamosi. Kijana ameapa kwamba hachezi kwa siri. Mama hakumsadiki.

"Sasa mbona umekuja kwetu," tulimuuliza, "ikiwa wajua ni mtoto?"

Akanyamaza kitambo. Kisha akasema, "Heri iwe jini, Maalim, kuliko mwanangu kuwa mwongo."

Hapana budi tukiri kosa letu. Aliposema neno mchezo, sisi tulikuwa tumekwisha kuitengeneza hotuba kichwani, juu ya vijana na kupoteza wakati, na ilikuwa tayari kutoka. Maneno hayo ya mama yaliirudisha ndani. Tukamwambia kwamba ruqya ni haki na kijicho kipo, lakini mgonjwa akiwa na homa tunamsomea na pia twampeleka hospitali apimwe damu. Nayo mashine haina roho. Tuipime kwanza.

Siku ya Jumatano tulikwenda, sisi na ahali yetu, pamoja na mwanafunzi wetu wa zamani ambaye sasa ni fundi wa kompyuta na ana kibanda chake nyuma ya Marikiti. Nyumba yao ni ya Mji wa Kale, ghorofa ya pili, yenye kuta nene za mawe. Kompyuta tuliikuta imewekwa ndani ya shubaka kubwa la ukutani, pale ambapo zamani nyanya wa nyumba hiyo alikuwa akipanga sahani zake za kaure. Juu yake kulikuwa na kitambaa cha kudarizi, kazi ya mkono wa mama mwenyewe, chenye maua ya asumini pembe zote nne, kimeshuka hadi nusu ya ubavu wa kasha. Ahali yetu alikisifu sana, na kwa kweli kilikuwa kizuri. Fundi alikitazama, asiseme neno.

Wala hakutoa bisibisi. Alikaa juu ya mkeka akamwuliza kijana namna mashine inavyozimika. Je, hufa mara moja, kimya na giza, kama stima iliyokatika? Au skrini hugeuka nyeusi huku feni zikiendelea kuvuma?

Kijana akajibu kwamba kwanza wachezaji huanza kwenda kwa kukwamakwama, kisha feni hupiga kelele, kisha skrini huwa nyeusi na sauti ya baba huendelea kidogo, "anasema haloo, haloo," halafu hapana kitu tena mpaka aizime mwenyewe na kuiwasha upya.

Fundi akatugeukia. Ingekuwa hufa yote mara moja, alisema, angeanza na kile kifaa kinachogawa umeme ndani ya kasha, ambacho wao hukiita pawasaplai. Lakini kukwama kwanza, kisha skrini kuwa nyeusi na feni kuvuma, hiyo ni dalili ya kadi ya grafiki iliyozidiwa na joto.

Na hapa tuwaeleze wasomaji kama tulivyoelezwa. Kadi ya grafiki ni kipande ndani ya kompyuta ambacho kazi yake ni kuchora picha. Mtoto akiandika insha, kadi hii karibu imelala. Akifungua mchezo, huchora picha moja baada ya nyingine, makumi kwa makumi katika kila sekunde, na umeme wote inaoula hugeuka kuwa joto. Ya kijana huyu ni GTX 1060, ambayo kampuni ya NVIDIA iliitoa mwaka 2016, na ikiwa kazini hula wati 120. Akina mama wanazikumbuka zile balbu za zamani za wati 60 ambazo hazishikiki kwa mkono. Basi fikirini balbu mbili kama hizo zimewashwa ndani ya kasha la bati, kasha limo shubakani, na juu yake pana kitambaa.

Joto hilo hutolewa kwa njia moja tu. Kiini cha kadi hugusana na kipande cha chuma, chuma hupeleka joto kwenye mapezi membamba ya alumini yaliyopangwa kama kurasa za kitabu, na feni hupuliza hewa kupita katikati ya kurasa hizo. Hewa ikikosa pa kupita, joto hubaki. Kadi yenyewe imefundishwa kujilinda. Hiyo GTX 1060 ikikaribia nyuzi 83 za Selsiasi huanza kujipunguzia kasi, na ndiyo maana wachezaji wakawa wanakwamakwama. Mwisho wake uliowekwa na watengenezaji ni nyuzi 94. Ikifika huko hujipunguzia kasi zaidi, na joto likizidi kupanda hujizima ili isiungue. Kwa hiyo ile mashine iliyodhaniwa imeingiliwa ilikuwa yajiokoa nafsi yake.

Fundi akaweka programu ya bure iitwayo HWiNFO, ambayo huonyesha joto la kila kiungo cha kompyuta, akamwambia kijana, "Cheza kama unavyocheza na baba." Sisi sote tukawa twatazama tarakimu, hata binti mdogo akawa azisoma kwa sauti. Kabla ya mchezo ilikuwa nyuzi 58, ilhali haifanyi kitu. Dakika ya tatu, 79. Dakika ya nane, 85, na picha zikaanza kukwama. Dakika ya kumi na mbili ikafika 92, fundi akaufunga mchezo kwa haraka.

"Hakuna udi hapa leo," alisema mama, kwa sauti ya chini.

Kisha wakaitoa shubakani, wakaiweka juu ya meza katikati ya chumba bila kitambaa, wakaiacha ipoe, wakarudia jaribio lile lile kwa dakika zile zile. Ilifika 86. Wakafungua ubavu wa kasha, wakarudia tena: 82. Fundi akasema jaribio hilo la kufungua ubavu ndilo linalomfundisha zaidi. Kama joto lingeshuka sana, ugonjwa wote ungekuwa katika kasha na mahali pake. Lakini limeshuka kidogo, basi kuna ugonjwa mwingine ndani ya kadi yenyewe.

Hapo ndipo akazima, akachomoa waya wa ukutani, akabonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa ili umeme uliobaki uishe, akagusa chuma cha kasha kwa mkono wake ili kuondoa umeme wa mwilini, kisha akaing'oa kadi. Alipoigeuza, ahali yetu alitamka "Subhanallah." Katikati ya mapezi hapakuwa na nafasi hata ya kupitisha uzi. Palikuwa na kitu kama blanketi, cha rangi ya kijivu kilichochanganyika na weusi, nacho kilinata. Fundi akakichota kwa ncha ya brashi akakinusa.

"Udi," alisema.

Udi kwa kweli, na sufi ya mito, na unyoya wa paka, na vumbi la chokaa la ukuta wa kale. Moshi wa udi una mafuta ndani yake. Moshi peke yake usingeziba kitu, lakini vumbi lililoupata moshi huo halipeperuki tena, hushikana. Mashine iliyomo nyumba isiyofukizwa hujaa vumbi kavu ambalo lapulizwa likatoka. Zetu sisi hujaa vumbi lenye gundi. Hatukuyasoma hayo popote, bali tuliyaona kwa macho yetu, na fundi akasema kazi zake nyingi za Mji wa Kale ndivyo zilivyo. Wala hatumkatazi mtu udi wake. Twasema tu chetezo kikae chumba kingine.

Walikwenda barazani kusafisha. Fundi alitumia kopo la hewa iliyoshindiliwa, na kila alipopuliza alizuia mabawa ya feni kwa kidole yasizunguke, kwani feni ikizungushwa kwa nguvu ya hewa huweza kuharibika, na hata kurudisha umeme ndani ya kadi. Palipokataa kutoka alitumia brashi laini na spiriti ya isopropili. Hakutumia kitambaa kibichi, wala mashine ya kufagilia mazulia ambayo huzusha umeme tuli. Tulipomuuliza mbona asiipeleke gereji ikapulizwe kwa pampu ya magari, alicheka akasema pampu ile hutema maji pamoja na hewa. Na kupuliza kwa mdomo ni kutia mate.

Kadi ikarudishwa, kasha likafungwa, jaribio likarudiwa: 76.

Sisi tukaona kazi imekwisha. Fundi akasema bado, kwa kadi ya umri huu. Baina ya kiini na chuma hupakwa utomvu mzito wa kijivu, wao huuita pesti ya joto, ambao huziba mianya midogo ili joto lipite. Miaka ikipita hukauka. Akafungua skrubu nne, na tukaiona imekuwa kama chokaa iliyopasuka. Akaifuta kwa spiriti, akaweka mpya kiasi cha punje ya dengu, akafunga skrubu kwa mshazari, kidogo kidogo, ili mgandamizo uwe sawa. Vile vipande laini vya mpira vilivyo juu ya viini vya kumbukumbu hakuvigusa, kwa kuwa vilikuwa vizima. Alisema ukivibadilisha kwa vyenye unene tofauti, chuma hakikai sawasawa na joto huzidi kuliko mwanzo. Hii si kazi ya kumwachia mtoto peke yake, na kama kadi yako ni mpya, iulizie kwanza dukani isije ikavunja waranti.

Mara hii ilisimama nyuzi 70, chumbani mkiwa na nyuzi 31.

Jambo la mwisho lilikuwa jepesi hata likatushangaza. Skrini ya kijana yaweza kuonyesha picha 60 tu katika sekunde moja, ilhali kadi ilikuwa ikichora zaidi ya 140 kwa sekunde. Ziada yote ilitupwa, na joto lake likabaki chumbani. Hiyo ndiyo israfu isiyoonekana. Fundi aliingia katika mipangilio ya mchezo akaweka kikomo cha 60, na joto likashuka hadi 66. Haikugharimu hata senti moja.

Tukamwuliza: na Ijumaa sita? Kwa nini isiwe tangu mwaka jana? Akatuuliza kaskazi ilianza lini kushika. Tukahesabu kwa vidole. Ni wiki sita, au saba. Joto la chumba likipanda nyuzi moja, la kadi nalo hupanda karibu kiasi hicho hicho. Wakati wa kusi chumba kile kilikuwa na ubaridi wa nyuzi nne au tano zaidi, na kadi iliyokuwa ikisongwa kidogo kidogo na vumbi iliweza kuvumilia hadi mwisho wa mchezo. Kaskazi ikaimalizia. Nayo haikuwa ikizimika siku nyingine kwa sababu siku nyingine haikuwa ikifanya kazi nzito. Kijana alikuwa akicheza usiku wa Ijumaa tu, kama alivyoambiwa. Fundi aliyasema hayo huku akikusanya skrubu zake, hakujua uzito wa alilolisema.

Mama alijua. Alikuwa amesimama mlangoni na ule mto wa sufi mkononi. Alimwita mwanawe kwa jina, kisha hakuendelea. Ahali yetu akamshika mkono wakatoka wote wawili jikoni, na sisi tukajishughulisha na chai. Tulipokuwa twaondoka tulimsikia akizungumza na simu kwa Doha, naye alikuwa akisema, "Si yeye. Ni mimi na kitambaa changu." Hatukusikiliza zaidi.

Wako wasomaji watakaosema sheikh ameacha kuwakanya vijana na michezo, sasa anaitengeneza. Mchezo una hukumu zake, kwa kuangalia uliyomo ndani yake, na Swala zinazopitwa, na pesa za kamari zinazojificha katika baadhi yake, na tutaliandikia jambo hilo safu nzima likifika wakati wake. Lakini kumtuhumu mtoto kwa asilolifanya hakuzuii mchezo. Huzuia tu mtoto kusema kweli mara ya pili.

Sasa yule mnunuzi wa Kisauni. Mama alituuliza kwa uwazi: kabla hatujafika alikuwa ameazimia kuiuza bila ya kutaja kwamba huzimika, kwa kuwa siku nyingi haizimiki, na mnunuzi angekuja mchana. Je, ingekuwa dhambi? Tulimkumbusha kile kisa cha Mtume, rehema na amani zimshukie, alipopita sokoni akatia mkono ndani ya rundo la nafaka akaukuta umande chini, ilhali juu ni kavu. Kompyuta inayowashwa mchana mbele ya mnunuzi na kuzimika usiku ni rundo lile lile. Katika madhehebu yetu ya Shafii mnunuzi akigundua aibu ya kale aliyofichwa ana khiyari ya kurudisha kitu na kuchukua pesa zake, na muuzaji hana hoja. Mama aliyachukua hayo akampigia mnunuzi siku hiyo hiyo, akamweleza yote, vumbi, joto, matengenezo na tarakimu. Mnunuzi akashukuru, akaomba apunguziwe shilingi 5,000. Mama akamjibu kwamba kwa bei hiyo heri abaki nayo mwenyewe. Nasi twashuku alikuwa akingoja kisingizio.

Kwa upande wa wanunuzi pia tuna neno. Kadi za mkono wa pili ni nyingi sokoni, na sehemu yake zilitumika kuchimbia sarafu za mtandaoni, zikiwaka usiku na mchana kwa miezi. Wachimbaji wengi waliziuza baada ya Septemba 2022, sarafu ya Ethereum ilipobadili mfumo wake ikawa haihitaji tena kadi hizo. Si lazima iwe mbovu, lakini pesti yake na feni zake zimechoka. Ukinunua, omba iwashwe mbele yako, uchezeshwe mchezo mzito kwa muda wa robo saa, nawe uangalie joto. Muuzaji mwaminifu hatakereka.

Na wewe mama uliye nyumbani ukitilia shaka mashine ya mwanao, waweza kuanza usiku huu bila fundi. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Katika Windows 10 za karibuni na Windows 11 utafunguka ukurasa wenye sehemu ya utendaji, na hapo chini ya jina GPU utaona joto la kadi. Mtoto akicheza, nyuzi 65 mpaka 80 kwa hali ya hewa ya kwetu si tatizo. Ikipita 85 na kubaki huko, tafuta sababu. Ondoa kila kilichofunika tundu, sogeza kasha mbali na ukuta kiasi cha shubiri, usiliweke ndani ya kabati, na ile ya kupakata isiwekwe juu ya godoro, kwani godoro huziba midomo yake ya chini. Usishtuke ukikuta feni za kadi zimesimama wakati hakuna mchezo, kwa kuwa nyingi zimeundwa hivyo mpaka joto lipande. Lakini zikisimama wakati wa mchezo, au ukisikia harufu ya kuungua, zima na uchomoe, wala usijaribu tena mpaka fundi aione. Na hapa kwetu karibu na maji usafishaji wa mara moja kwa mwaka hautoshi. Fundi yule apendekeza kila miezi minne, na mmoja wapo uwe kabla ya kaskazi. Ushauri ulioandikwa na watu wa nchi za baridi usiufuate kwa herufi, wao vyumba vyao vina nyuzi 20.

Usiku wa Ijumaa uliofuata hatukwenda. Kijana alituletea habari chuoni baada ya Swala ya Ijumaa: saa moja na nusu kamili, nyuzi 67, haikukwama. Baba alifungwa mabao matatu kwa moja akadai kwamba mashine ya rafikiye anayochezea huko ndiyo mbovu, aombewe fundi na yeye.

Kitambaa cha asumini hakikutupwa. Mama hukifunika kasha mchana likiwa limezimwa na limepoa, na kijana hukikunja mara nne kabla ya kuwasha, hukiweka katika shubaka.